Shavu la Mguu

Zilibaki dakika ishirini mechi ya nusu fainali ya tenisi ianze. Mchua misuli alibonyeza shavu la mguu wa kushoto wa mchezaji kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Kishimo kikabaki pale pale kwenye ngozi.

"Umeanza lini kuvimba?"

"Niliposhuka kwenye ndege juzi. Uchovu tu, dada. Nifunge bandeji niingie."

Dada hakufunga kitu. Akachukua utepe, akapima mguu mmoja, halafu wa pili. Wa kushoto ulikuwa mnene zaidi, tena una joto.

"Leo huchezi," akasema. "Nahofia damu imeganda humu ndani. Twende hospitali."

"Nina miaka thelathini na mbili, sijawahi kufika nusu fainali. Unajua unachoniambia?"

"Najua. Utanikasirikia vizuri tukiwa garini."

Majukwaani makofi yalilipuka. Mpinzani wake alikuwa ameshaingia uwanjani. Mchezaji akainamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono kuomba koti lake.

Njia nzima aligeuzia uso dirishani.

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha: bonge la damu lenye urefu wa kidole. "Ungecheza hata seti moja," akasema, "lingeweza kupanda mpaka kwenye mapafu. Nani aliligundua?"

Mchezaji akamtazama mchua misuli aliyesimama mlangoni. Akampigia mkewe, akamweleza nani aliyeligundua bonge lile, kisha akamnyooshea dada simu.

"Ongea naye wewe," akasema. "Mimi sauti imenikauka."