Mwiko Unaoruka

Vuuuu! Bi Tunu alidhani nyuki wamevamia nyumba. Alipofungua mlango wa chumba cha mwanawe, aliona kidude chenye mikono minne na feni ndogo kwenye kila mkono kikiinuka, kikiyumba, kisha kikabinuka sakafuni.

"Feni mbili za droni nimezifunga kinyume, mama," Mbaruku alisema.

"Na mkono huu si mwiko wangu? Ndiyo maana jana nilisonga ugali kwa kijiko!"

"Mti wake mwepesi. Nikirekebisha, itavuka mto ikibeba kamera."

Tangu mafuriko yachukue daraja, Bi Tunu alikuwa hajaliona kaburi la mumewe kule ng'ambo. Akaizungusha feni moja kwa kidole.

"Nionyeshe kaburi la baba yako," alisema, "nami nitakupa na mwiko wa pili."