Mama wa Aliyeanguka

Chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ilikuwa imelala katikati ya barabara, gurudumu la mbele limevunjika, makala ya kupikia yamemwagika mpaka kwenye mufereji. Kando yake jeep nyeupe, kioo kimekwisha kupasuliwa kwa mawe.

Mukashyaka alikuwa anatoka misa ya asubuhi, rozari bado mukononi. Alisikia kelele kabla ya kuona kitu. Akapenya kati ya watu, mabega mbele.

Ndipo akamuona mutoto wake. Damu ilimushuka kutoka kichwani mpaka kwenye shati, na macho yake yalikuwa yanatafuta mutu yeyote wa kumuhurumia.

Akaanguka magoti juu ya mawe meusi, akakumbatia kijana wa chukudu, ambaye vumbi la makala lilikuwa limemufunika uso wote.

"Mutoto wangu anakufa! Yesu Maria, mutoto wangu!"

Kelele zikapungua.

"Ni mama yake," mutu mumoja akasema. Wakamupa nafasi.

Motard mumoja akashuka kwenye pikipiki yake, akasogea, chupa ya esanse ya pikipiki mukononi. "Pole, mama. Yule ndiye." Akaonyesha dereva waliyemubana kwenye mulango wa jeep, paji la uso limepasuliwa na jiwe la kwanza. "Alikuwa anamupigia mutoto wako honi tangu kule juu. Honi, honi! Chukudu yenye magunia matano, kwenye muteremuko, itasimama namna gani? Freni yake ni kipande cha pneu ya gari na kisigino!"

"Barabara ni ya baba yao," mwingine akadakia. "Wenye gari wanatuona sisi kama mbuzi."

"Leo anachomwa pamoja na jeep yake."

Mukashyaka alijua kwamba hawatishii bure. Mwezi uliopita, kule Murara, aliwaona motard na chupa kama hiyo, wamemuzunguka dereva aliyegonga mutu. Polisi wawili walipiga makelele, hakuna aliyegeuka. Padri akasihi, wakamusukuma. Ni mama wa marehemu ndiye aliyesema neno moja tu, na watu wakatawanyika.

Dereva akafungua kinywa. "Mama..."

"Nyamaza!" Mukashyaka akamukatia. "Wewe usiniite mama! Usiniite!"

Watu wakapiga makofi. "Muambie, mama! Muambie!" akasema muuza ndizi mumoja. "Honi yake leo imenyamaza!" Wengine wakacheka.

Motard akachuchumaa karibu naye. "Mutoto anaitwa nani?"

"Benny." Jina lilitoka lenyewe.

"Sawa, Mama Benny. Hapa wewe ndiye mwenye neno. Sema tu, sisi tunawasha."

Mukashyaka akafunga macho. Alikuwa ameshika rozari kwa nguvu hata ikamuumiza vidole. Alimuomba Mungu musamaha kwanza, ndipo akasema.

"Musimuguse. Yesu alisamehe, mimi ni nani? Huyu mwenye jeep ndiye atatupeleka hospitali, sasa hivi. Mukimuchoma, mutazika watu wawili, na mimi nitakuwa wa tatu."

Muzee mumoja akavua kofia.

"Huyu mama ni mutakatifu," akasema.

Motard akafunga chupa yake polepole, kama mutu aliyenyang'anywa chakula mudomoni. "Mupakieni basi. Lakini sisi tunawafuata, mbele na nyuma. Akisimama popote kabla ya hospitali, hatutauliza tena ruhusa ya mutu."

Jeep ikaondoka, pikipiki sita za motard zimeizunguka. Mukashyaka aliketi nyuma, kichwa cha kijana kwenye mapaja yake. Alikuwa amemufunga kitambaa chake cha kichwa, lakini damu ilipita tu. Vidole vya kijana vilikuwa vinaanza kupoa. Akavipuliza, akavisugua. Havikupata joto.

Walipofika Mabanga, kijana akafungua macho. Akamuangalia sana, kama mutu anayeamukia katika nyumba asiyoijua.

"Mama yangu ananingoja pale sokoni," akanong'ona. "Pale penye mabati ya bulu. Simameni kidogo, mumuite."

Mukashyaka akaangalia nje. Mabati ya bulu yalikuwa yanakuja. Chini yake alisimama mwanamuke aliyevaa kikwembe cha kijani, mukono juu ya macho kuzuia jua, anatazama barabara ya kutoka Kibumba. Pikipiki moja ikapiga honi, na yule mwanamuke akarudi nyuma hatua mbili ili jeep ipite.

Mukashyaka akanyoosha mukono, akagusa bega la dereva.

"Usisimame, Benny," akasema. "Endesha, mwanangu."