Jina la Ndama

Majirani wote walikuja kumsaidia Felista kumzalisha ng'ombe wake. Kila mmoja alileta ushauri. Kamba hakuna aliyeleta. Ndama akavutwa kwa kanga, akaanguka juu ya majani, akatulia kimya.

"Hapumui," Bwana Matemu alitangaza, akavua kofia, heshima ambayo hata kanisani haitoi.

"Felista, mwenzangu," Mama Sikujua aliuliza, "hukumpa jina akiwa tumboni?"

Pale kwao ndama hapewi jina kabla hajasimama. Kifo kikilisikia, humwita.

"Mimi? Nina wazimu?"

Alikuwa amempa. Kila asubuhi, akimlisha ng'ombe, alimsalimia Pendo kupitia ubavu wa mama yake.

Sasa alichukua unyasi, akaupenyeza puani mwa ndama ili apige chafya. Kimya. Akauzungusha tena. Hakuna aliyetoa ushauri.

Felista akainama mpaka midomo ikagusa sikio lile lenye ute, akalitaja jina kwa kunong'ona. Kama kifo kilishalisikia, basi na mwenyewe alisikie.

Sikio likacheza. Au pengine ni nzi tu aliyeruka.