Chai ya Kumezea Dawa

Bochaberi alikuwa na kidonge cha kuongeza damu mkononi, na mama mkwe wake alikuwa amemsogezea chai ya kukimezea, kama kila asubuhi. Siku za kujifungua zilikaribia, lakini damu yake bado haikutosha.

Ndipo ujumbe wa sauti wa kliniki ukasikika kwenye simu, kwa Ekegusii, lugha yao: "Usimeze dawa hii kwa chai. Chai huipunguzia nguvu. Tumia maji."

Bochaberi aliinamisha macho. Katika boma hilo, hakuna mke aliyewahi kuirudisha chai ya mama mkwe.

"Nani huyo anayeitukana chai yetu?" mama mkwe aliuliza. "Amewahi kuichuma?"

"Ni daktari, mama."

Mvuke ulipanda kati yao. Kisha mama mkwe akakivuta kikombe, akapiga funda refu, akainuka.

"Kaa hapo," alisema, akielekea mtungini.