Kocha Aliyejifunza Kupisha

Tangu kukaba kulipopigwa marufuku katika mpira wa kikapu wa vyuo, kila kocha huvaa bangili inayomchoma kwa umeme akinyanyua mikono kuamuru ulinzi. "Mimi samaki mkavu, hamnikunji," alifoka Kocha Mwambungu, ambaye timu zake zilikuwa ukuta Mbeya nzima. Akakunjika. Msimu huu ametwaa kombe.

Jumapili mjukuu wake, Atupele, alitimua mbio kuelekea sufuria la maharage lililokuwa likitokota. Mwambungu, aliyesimama mlangoni mwa jiko, alinyanyua mikono kumkinga, kisha akaishusha, akampisha.

Bibi yake ndiye aliyemdaka kwa gauni.

"Baba Ipyana!" alimkaripia mumewe. "Unampisha mtoto aende motoni?"

"Bangili," alijitetea.

Mkewe akamwonyesha kwa kidevu. Bangili ilining'inia msumarini, palepale alipoitundika juzi.