Kengele za Dirishani

Kitinda mimba aliinama chini ya dirisha la baba yake, kengele za ng'ombe zimemning'inia shingoni na mikononi, akaanza kutembea. Alitikisa za mkono wa kulia, akasimama kidogo, akatikisa za kushoto. Alipofika kwenye kona ya nyumba akaburuta miguu vumbini, maana kundi likirudi zizini halinyati.

"Wamerudi?" mzee akauliza kutoka kitandani.

"Wamerudi, baba. Wameshiba hao, hata kutembea kwa taabu."

"Na huyo anayekohoa?"

"Ni Madoa, baba. Vumbi tu."

"Mpeni dawa. Kifua si cha kuchezea."

Zizi lilikuwa tupu. Lilikuwa tupu tangu mvua zilipokatika. Mzee alikuwa amevunjika nyonga, akamwachia kijana kazi moja isiyotaka akili nyingi: kila wiki ng'ombe waende joshoni, waogeshwe dawa ya kupe, inyeshe isinyeshe. Wiki ya kwanza kulikuwa na matope, akasema ah, wiki moja itawafanya nini. Ya pili kulikuwa na mpira. Kupe wana habari gani na mpira? Homa ilipoingia ilifagia kundi zima, na yeye akashinda nyuma ya kilima akichimba mashimo, analia kama mtoto.

"Usimwambie," mama yake alimsihi. "Itamuua."

Basi wakaficha, mama na mwana. Na kilichomkata maini zaidi kijana ni kwamba mzee, kila akisikia kengele, alikuwa akianza kusimulia. Hiyo nzito ilikuwa ya mtamba wake wa kwanza, aliyepewa kwa kuchunga mifugo ya watu miaka na miaka. Hiyo nyembamba aliinunua mwaka aliooa. Kijana alikuwa akisikiliza amejibanza ukutani, uso unamwaka kwa aibu, na hawezi kuondoka kwa sababu kundi zima haliondoki mara moja.

Kisha wakaja watoto wote kutoka mjini, kuuenzi uzee wa baba yao angali hai. Mzee alitolewa sebuleni, akaketishwa kwenye kiti chenye mito, amevaa koti lake la minadani. Dada mkubwa, mwalimu, akasimama akaeleza jinsi baba alivyochimbia nguzo za uzio kwa mikono yake mwenyewe, na jinsi maziwa yalivyowasomesha wote, hata yule aliyerudia darasa. Watu wakacheka, na aliyerudia darasa akacheka kuliko wote.

"Na huyu mdogo wetu," dada akamalizia, "ndiye aliyeshika kazi ya baba tukiwa mbali. Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Kilemba cha ukoka hicho, na yeye alikijua. Alitazama vidole vyake vya miguu mpaka makofi yakaisha. Jikoni, mama alikuwa ameinamia sufuria, hainui uso.

Kaka yao, kifungua mimba, alikuwa amekuja na lori. Alikuwa ameliegesha nje, ubavu kwa ubavu na zizi, limetandikwa nyasi kavu.

"Baba," akasema, "gawa mali yako ungali na kauli yako. Tuwasubiri ng'ombe warudi kutoka malishoni, kila mtu aoneshwe wake. Mimi wangu naondoka nao leo hii hii."

"Si neno baya," dada akaitikia.

Jua lilikuwa linashuka. Kijana akalitazama lori kupitia mlangoni. Hapa hapakuwa na kengele za kumwokoa. Watu kumi na macho yao wangesimama langoni wakingoja ng'ombe walio chini ya udongo. Afadhali aseme mwenyewe. Akasimama, kikohozi kikambana, akakimeza.

"Baba, kabla hawajatoka nje, mimi nina neno."

"Kaa chini!" mzee akafoka. "Wakubwa wanazungumza, wewe unadakia? Nani kakufundisha adabu hiyo?"

Akaketi. Machozi yalimlenga, na kaka mmoja akatabasamu pembeni.

Mzee akavuta pumzi. "Mimi nilianza na mtamba mmoja, wa jasho langu. Anayetaka ng'ombe akatafute wa jasho lake. Wangu wote, majike kwa madume, nampa huyu kitinda mimba. Na mtu asikanyage zizini kwake. Nimemaliza."

Chumba kikalipuka. "Wote?" kifungua mimba alipayuka. "Yaani mimi mkubwa nirudi na nyasi?" Dada mkubwa akamgeukia mdogo wake, akamuuliza kwa sauti ya chini amemlisha nini mzee. Kijana amerithi mashimo nyuma ya kilima, na ndugu zake wanamwonea wivu.

Hawakungoja chai. Lori liliondoka tupu, likifuatwa na magari mengine, na mama akatoka jikoni akakaa kwenye ngazi, amejishika kichwa.

Giza lilikuwa linaingia. Saa ya kundi kurudi ilikuwa imefika. Kijana akamrudisha baba yake kitandani, akamfunika miguu, akageuka kwenda kuzifuata kengele stoo. Mzee akamshika mkono.

"Leo pumzika," akamwambia. "Kengele zile ni nzito, mwanangu, na wewe una kifua tangu utotoni."