Alama Chini ya Kibao cha Njano

Kibao cha namba cha nyuma ya gari kilikuwa kimepasuka, likakataliwa kwenye ukaguzi, na Bibi Glenys akalileta gerejini kwangu nimbandikie kipya. Mvua ya Swansea, mji wetu wa Wales, ilikuwa nyepesi kama pumzi.

"Marehemu mume wangu alikibandika mwenyewe," alisema. "Skrubu hakutaka hata kuzisikia. Eti zinaleta kutu, na kutu haina adabu!"

Nilikibandua taratibu. Kibao cha njano kikatoka, gundi nyeusi ikabaki kwenye bati. Nikachukua kitambaa na mafuta ya kufutia, maana gundi mpya haishiki juu ya kuukuu.

"Ngoja, mwanangu!"

Katikati ya gundi palikuwa na alama ya dole gumba, pana, mistari yake yote ikionekana, kana kwamba limebonyezwa asubuhi hiyo.

Bibi aliinama. Akaweka dole lake ndani ya lile, likapwaya kama mtoto kwenye kitanda cha wazazi.

Mvua ilikuwa kama imesimama hewani.

"Usifute," alisema.

"Lakini bibi, kipya hakitashika."

Alitazama nyuma yangu, pasipokuwa na mtu, kama anayeomba radhi.

"Basi kifunge kwa skrubu."